Shekhar Mehta alishinda nyumbani tu. Kwani nyumbani ni padogo?

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, tuongee habari za dereva wa magari. Msinikimbie. Tutarudi kwenye tarakilishi kabla hatujaachana.

Dereva mwenyewe ni Shekhar Mehta. Ukisoma habari zake popote utakutana na maelezo yale yale: alishinda mara tano katika mbio za ubingwa wa dunia wa rally, na mara zote tano ilikuwa Safari Rally. Ni kweli. Alishinda mwaka 1973, kisha akashinda mfululizo 1979, 1980, 1981 na 1982. Hakuna dereva mwingine aliyefikisha ushindi mara tano katika mbio hizo zikiwa duru ya dunia. Lakini wengi wanaoandika hivyo humalizia kwa sauti ya chini, kama mzazi anayesema mtoto amepita mtihani, ila ni mtihani wa kijijini. Mtaalamu wa mbio moja, wanasema. Nje ya Kenya hakushinda duru ya dunia hata moja.

Mimi nasema kipimo hicho ni kibovu. Tena hakimwonei Mehta peke yake. Kinatuonea pia sisi vijana tunaoandika programu tukiwa Voi, Kisumu, Tanga au Mbale, tunaoambiwa kila mara kwamba kazi yetu ni ndogo kwa sababu inatumika hapa tu.

Alikuwa nani?

Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni 1945, katika familia tajiri yenye mashamba makubwa. Mwaka 1971 alimaliza wa pili katika Safari akiendesha Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann. Mwaka uliofuata, mwezi Agosti, Idi Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Familia ya Mehta ikapoteza makao, naye akahamia Kenya.

Kwa hiyo tunaposema alishinda nyumbani, tukumbuke kwamba nyumba hiyo hakurithi. Pasaka ya mwaka 1973, miezi michache tu baada ya kufukuzwa alikozaliwa, alikuwa tena ndani ya Datsun 240Z pamoja na mwelekezi wake Lofty Drews. Ulikuwa mwaka wa kwanza wa mbio za ubingwa wa dunia wa rally, na Safari ilikuwa mojawapo ya duru zake.

Mwisho wa mbio hizo ni jambo ambalo kila mwandishi wa programu angependa kulisikia. Wakati ule hesabu haikuwa ya sekunde kama leo. Dereva alipewa muda maalumu wa kutoka kituo kimoja cha ukaguzi hadi kingine, na kila dakika aliyochelewa iliandikwa kuwa adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Baada ya maelfu ya kilomita, Mehta na Harry Källström wa Sweden, naye pia akiwa katika Datsun, wakalingana adhabu sawasawa. Ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike, na Mehta akatangazwa mshindi.

Nawaomba mkumbuke kanuni hiyo, nitairudia.

Ushindi wake wa 1979 hadi 1982 aliupata pamoja na mwelekezi Mike Doughty, tena katika Datsun. Mwaka 1987 aliumia vibaya katika ajali kwenye mbio za jangwani nchini Misri, na huo ukawa mwisho wa kazi yake ya udereva. Baadaye akaingia katika uongozi wa FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari duniani, ambako aliongoza tume ya rally. Alifariki London mwezi Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60.

Barabara iliyokuwa ikipimwa

Wengi wa rika langu tunaijua Safari ya Naivasha, ile iliyorudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021. Ni mbio nzuri, lakini barabara hufungwa na vipande vya kushindania, ukivijumlisha, havifiki kilomita 400. Safari ya zamani ilikuwa kitu kingine. Ilianza mwaka 1953, ikapitia Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuna miaka ilikaribia kilomita 5,000. Ilifanyika Pasaka, masika yanapopiga. Barabara hazikufungwa. Dereva alikutana na lori, ng'ombe, basi la abiria na mzee juu ya baiskeli.

Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, na yaliyomaliza yakawa 7 tena. Hebu fikirieni mfumo wa tarakilishi ambao kila watumiaji 13 wanaouingia, mmoja tu ndiye anayefika mwisho.

Sisi watu wa Taita Taveta barabara hizo tunazijua, kwa sababu Safari za zamani zilipoelekea pwani zilipita kwetu, kati ya Tsavo na milima ya Taita. Hata leo mbio za magari ya kale, zile za East African Safari Classic zilizoanza mwaka 2003, zimeshapita hapa mara kadhaa. Ambaye hajafika kwetu nimweleze kidogo. Ukitoka Voi uko kwenye joto na vumbi jekundu, laini kama unga, linaloingia kwenye kichujio cha hewa, kwenye mfuko wa shati na ndani ya simu. Ndovu wa Tsavo wamegeuka rangi kwa sababu yake. Pita Mwatate, panda kuelekea Wundanyi, na kabla hujamaliza soda yako uko kwenye kona kali, ukungu na baridi. Teremka upande wa Bura, shika njia ya Maktau kuelekea Taveta, umerudi kwenye tambarare kavu. Mvua ikinyesha, vumbi lile linakuwa kama sabuni, na korongo ulilovuka asubuhi likiwa kavu, jioni lina maji ya kubeba gari. Usiku kuna wanyama barabarani.

Gari linalotaka kupita hapo lazima livumilie mambo manne yanayopingana: joto, baridi, vumbi na maji. Halichagui moja. Hayo yote yalikuwa sehemu ya siku moja ya kazi.

Teknolojia bora kwa nani?

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mwaka 1981 Audi iliingiza Quattro katika mbio za dunia, gari lenye turbo na linalosukumwa na magurudumu yote manne. Lilibadilisha mchezo kabisa. Audi ikatwaa ubingwa wa makampuni mwaka 1982 na tena 1984. Ungeuliza mhandisi yeyote wa Ulaya wakati ule, angekuambia kwamba magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma yamepitwa na wakati.

Sasa tazama Safari. Mwaka 1983 Audi walikuja na Quattro zao. Aliyeshinda ni Ari Vatanen akiwa katika Opel Ascona, gari la magurudumu ya nyuma. Miaka ya 1984, 1985 na 1986 ikashinda Toyota Celica, nayo ya magurudumu ya nyuma. Audi ilishinda Safari mwaka 1987, na hata hapo haikuwa kwa Quattro ile fupi maarufu, ilikuwa kwa Audi 200, gari kubwa la familia. Yaani kwa miaka minne teknolojia iliyokuwa ikitamba kwingine ilikuja kwetu ikarudi mikono mitupu.

Je, Opel na Toyota hizo zilikuwa magari bora kuliko Quattro? Swali lenyewe lina kasoro. Bora wapi? Kwenye theluji ya Sweden, hapana. Kwenye tope la Pasaka, kilomita elfu kadhaa mbali na karakana, pale makanika ana dakika chache na spana kando ya barabara, ndiyo. Datsun za Mehta zilikuwa za aina hiyo hiyo. Zilikuwa magari ya kawaida yaliyoimarishwa, ambayo yakiharibika yanaeleweka na yanatengenezeka.

Naye Mehta aliendesha kwa akili hiyo hiyo. Katika hesabu ya adhabu, anayevunja springi kwa kukimbilia dakika mbili anaweza kupoteza arobaini akilala chini ya gari. Hupati zawadi kwa kuwa wa kwanza nusu ya njia. Lazima ufike, na ufike ukiwa hujachelewa sana.

Najua pingamizi litakalokuja: "Lakini alikuwa mwenyeji, aliijua njia." Sawa. Wenyeji wangapi walianza mbio hizo na kuishia mtaroni? Hata yale magari 84 ya mwaka 1963 mengi yalikuwa ya wenyeji. Tena Mehta hakushinda enzi za wenyeji peke yao. Tangu 1972, Hannu Mikkola alipokuwa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, timu za viwanda zilikuja na madereva wao bora kabisa. Waliomaliza nyuma ya Mehta ni hawa: Mikkola mwaka 1979, Rauno Aaltonen mwaka 1980 na 1981, na Walter Röhrl mwaka 1982. Huyo Röhrl ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka huo huo. Na baada ya Mehta, Safari ikiwa duru ya dunia, Mkenya aliyeshinda ni Ian Duncan peke yake, mwaka 1994. Kama uenyeji ungetosha, orodha ingekuwa ndefu.

Turudi kwenye tarakilishi

Nina shahada ya sayansi ya tarakilishi, na wengi niliosoma nao wako Nairobi, wengine Berlin na Toronto. Wananipenda na mimi nawapenda, lakini swali lao ni lile lile: "Utaondoka lini Voi ufanye kazi ya maana?" Kazi ya maana, kwa maelezo yao, ni programu inayotumiwa na mamilioni ya watu katika nchi nyingi.

Niwape mfano wa kazi yangu. Shirika moja, ambalo silitaji, liliniita nirekebishe programu yao ya simu ya kukusanyia taarifa za wakulima. Ilikuwa imetengenezwa ng'ambo. Nzuri kwa macho, picha zinateleza, rangi zimepangwa. Lakini kila ukurasa ulihitaji mtandao ili ufunguke. Huko pande za Kasigau, penye shamba mara nyingi hapana mtandao. Makarani wakawa wanaandika kwenye daftari mchana, kisha jioni wanarudi Voi kuingiza upya hadi usiku wa manane. Takwimu zikaja na makosa. Wakulima wakasajiliwa mara mbili, wengine wakakosa mbegu walizoahidiwa kwa sababu majina yao hayakufika. Mama mmoja alimwambia karani, "Mwanangu, mimi nimeandikwa mara tatu na sijapata hata kilo." Hapo ndipo unajua kwamba uzuri wa ukurasa haukumsaidia kitu.

Nilichofanya si cha ajabu. Taarifa zinahifadhiwa kwanza ndani ya simu. Mtandao ukipatikana, zinatumwa kidogo kidogo, na mtandao ukikatika katikati zinaendelea pale zilipoachia. Picha nikazipunguza uzito. Programu ikakubali simu za zamani zenye kumbukumbu ndogo, kwa sababu hizo ndizo makarani walizokuwa nazo.

Kisha likaja swali gumu. Makarani wawili, wote bila mtandao, wakibadilisha taarifa za mkulima mmoja siku moja, ya nani inakubaliwa? Mnakumbuka sare ya 1973? Ni swali hilo hilo. Wakilingana, nani anatangulia? Usipoandika kanuni mapema, tarakilishi itaamua yenyewe, kwa kawaida aliyetuma wa mwisho anafuta kazi ya mwenzake, na siku ya ugomvi hutakuwa na la kueleza. Waandaaji wa Safari walikuwa na kanuni kabla ya gari la kwanza kuondoka. Ndiyo maana Källström alirudi kwao akiwa wa pili na mbio zikabaki na heshima. Programu ya ng'ambo haikuwa na kanuni yoyote, kwa sababu aliyeiandika hakuwahi kuwaza kwamba watu wawili wanaweza kufanya kazi saa sita bila mtandao.

Programu yangu inatumika katika kaunti moja. Haitakwenda Berlin. Je, ni kazi ndogo?

Wanaofikiri kwamba kutengeneza kwa ajili ya hali ya hapa ni kujifungia, wakumbuke M-PESA. Ilianza Kenya mwezi Machi 2007 kwa menyu iliyowekwa ndani ya kadi ya simu, ikafanya kazi kwenye simu ya bei rahisi kabisa bila intaneti. Mtu aliyezoea benki za London asingeianzia hapo. Wakumbuke pia Ushahidi, iliyoandikwa mwaka 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ili watu watoe taarifa kwa ujumbe mfupi na zionekane kwenye ramani. Miaka miwili baadaye ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Kilichotengenezwa kwa barabara mbovu kiliweza kusafiri. Kilichotengenezwa kwa lami, mara nyingi, hakifiki Kasigau.

Mgeni naye ana kwao

Mwezi Machi 2025 Safari ilishindwa na Elfyn Evans, dereva kutoka Wales, akiwa katika Toyota pamoja na mwelekezi wake Scott Martin. Wapinzani wake walipoteza muda kwa pancha na hitilafu za magari, yeye akafika akiwa mbele ya Ott Tänak kwa zaidi ya dakika moja. Nilifurahi, kwa sababu aliendesha kama madereva wa zamani: aliiacha barabara iwachuje wengine.

Lakini jambo ninalotaka mlione ni la nyuma kidogo. Evans anatoka Dolgellau, mji mdogo katika milima ya Wales, mwana wa Gwyndaf Evans ambaye naye alikuwa dereva wa rally. Ushindi wake wa kwanza kabisa katika ubingwa wa dunia aliupata mwaka 2017. Wapi? Nyumbani Wales, kwenye tope na misitu aliyokulia. Sikusoma mahali popote mtu akisema kwa sauti ya chini kwamba alishinda nyumbani tu. Waliandika kwamba ni Mwelsh wa kwanza kushinda duru ya dunia, wakashangilia, na walikuwa na haki.

Basi kwa nini msitu wa Wales uwe uwanja wa dunia, na tope la Taita liwe mtihani wa kijijini? Wote wawili walishinda duru ya dunia, mbele ya madereva wa dunia.

Msinielewe vibaya

Sisemi mtu asitoke. Anayepata kazi nzuri ng'ambo aende, ajifunze, atume na pesa nyumbani. Wala sisemi Mehta alipanda kwa jasho tupu. Alikuwa na familia yenye mali na baadaye kiwanda cha Datsun nyuma yake. Vijana wengi wa Voi hawana hata tarakilishi ya kujifunzia, na hilo halitatuliwi kwa hadithi za madereva. Ingawa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari ya 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo kuukuu iliyokwisha kutumika na wengine. Hilo nalo tulikumbuke.

Ninachosema ni kwamba tuache kuazima kipimo. Ukitaka kujua kama programu ni nzuri, usiulize inatumika katika nchi ngapi. Muulize karani aliye shambani, simu ina asilimia kumi ya moto na mtandao umekwenda: je, kazi yake ya leo ipo? Ikiwa ipo, aliyeiandika ni fundi, hata kama jina lake halivuki Mtito Andei.

Nanyi mnaoandika programu mikoani, niambieni hapo chini: ni kitu gani mmetengeneza kwa ajili ya hali ya kwenu ambacho mtu wa mbali asingekiwaza? Nataka kuvikusanya. Hadi wakati mwingine, kaeni salama, na ukipita Voi usiku punguza mwendo, ndovu hawana taa.